Mwana hanakili vizuri ubaoni: tumpime macho kwanza

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha, huku Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, nilikuwa na mwana mmoja wa mwaka wa tatu primeri aliyekuwa akinakili hesabu zote vibaya. Ubaoni 38, kwenye kaye (daftari) yake 33. Ubaoni 6, kwake 8. Mara mbili nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwambia anacheza. Mara ya tatu nilimuuliza, bado kwa hasira: hiyo ni sita ao ni nane? Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa chaki, akasema: "Ni sita, Mwalimu. Kule nyuma ilikuwa na manyoya."

Mtoto hawezi kutunga neno kama hilo ili kujitetea. Nilimhamishia benchi ya mbele siku ileile, lakini miwani ilichukua miezi minne mingine, kwa sababu mimi na mama yake hatukujua tuanzie wapi. Haya ninayoyaandika ndiyo ningependa mtu anipe wakati ule.

Niseme jambo moja mapema ili msipoteze pesa. Macho mabovu yanaweza kumkwamisha mtoto masomoni, lakini si kila mtoto anayekwama ana macho mabovu. Tunaanza na macho kwa sababu ni rahisi kuyapima na miwani hutatua shida haraka. Tukimaliza hapo na mtoto bado hasomi, tunatafuta pengine, hatuendelei kulilia macho.

Hatua ya 1: Mchunguze wiki moja, usimwambie kitu

Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri hatalalamika. Anadhani watu wote wanaona hivyo. Kwa hiyo usimuulize "unaona?", maana atajibu ndiyo. Mtazame.

Anakunja macho akitazama mbali? Anainuka kwenda karibu na ubao, ao ananakili kutoka kwenye kaye ya jirani badala ya ubaoni? Hiyo inaelekea kuwa shida ya kuona mbali. Je, mbali anaona sawa, lakini akisoma kitabu dakika kumi anasugua macho, kichwa kinamuuma, anaruka mistari, anafuata kila neno kwa kidole ingawa ameshapita umri huo? Hapo fikiria shida ya kuona karibu. Akifunika jicho moja kwa mkono wakati wa kusoma, ao akiinamisha kichwa upande mmoja kila mara, huenda macho mawili hayafanyi kazi pamoja.

Andika unachokiona na saa unapokiona. "Jumanne saa tatu, alisoma vizuri. Saa sita, akafunika jicho la kushoto." Daktari atapata faida kubwa kwenye mistari mitano ya namna hiyo kuliko kwenye maneno "hapendi kusoma".

Kuna dalili ambazo hazingoji wiki. Mboni yenye weupe ndani, ao picha ya simu iliyopigwa kwa flashi ambapo jicho moja linang'aa jeupe: hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho la mtoto, na ikiwahiwa mara nyingi mtoto anapona. Makengeza yaliyoanza ghafla. Jicho jekundu lenye maumivu na kuogopa mwanga. Doa jeupe kwenye kioo cha jicho, hasa baada ya surua. Jicho lililochomwa ao kupigwa. Kwa hayo nenda hospitali leo, mengine ya mwongozo huu utayasoma ukirudi. Na njiani usitie kitu: si maziwa ya mama, si maji ya majani, wala kichupa cha matone alichobakiza jirani. Matone yenye kotizoni yanauzwa kama karanga, na yakitumiwa ovyo yanapandisha shinikizo la jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Hatua ya 2: Jipimie nyumbani kwa kaye ya karo (daftari la miraba)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mzazi anaweza kufanya kitu mwenyewe bila kulipa.

Herufi za kupimia macho hazikuchorwa kwa kubahatisha. Tangu Mholanzi Herman Snellen alipotoa ubao wake mwaka 1862, kila herufi inajengwa ndani ya mraba wa vyumba vitano kwa vitano, na ukubwa wake unalingana na umbali wa anayetazama. Kaye zetu za hesabu zina vyumba vya milimita 5, kwa hiyo kazi yetu imeshafanywa nusu.

Chukua kalamu nyeusi nzito. Chagua mraba wa vyumba vitano kwenda kulia na vitano kwenda chini. Mstari wa kwanza, jaza vyumba vyote vitano. Mstari wa pili, jaza kile cha kushoto tu. Wa tatu, vyote. Wa nne, cha kushoto tu. Wa tano, vyote. Umepata E yenye urefu wa sentimita mbili na nusu. Ikate uibandike katikati ya karatasi nyeupe.

Sasa toka nje, uwanjani, kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha. Ndani ya nyumba umeme unaweza kukatika katikati ya kipimo, na chumba chenye giza kitakudanganya. Pima mita 8 na sentimita 60 kwa utepe wa fundi. Umbali huo na E hiyo ndivyo vinavyolingana na kile daktari anachokiandika 6/12: kitu ambacho macho mazima yanakiona mita 12, mtoto anakiona akiwa mita 6. Asiyeweza kufika hapo anahitaji kupimwa na mtu wa kazi hiyo.

Mfundishe mchezo kwanza akiwa karibu. Mimi huwaambia E ni uma, na swali ni: meno ya uma yanaangalia wapi? Aonyeshe kwa mkono: juu, chini, kulia, kushoto. Hahitaji kujua kusoma, hata mtoto wa miaka minne anaweza. Akishaelewa, mpeleke mbali, umfunike jicho moja kwa kipande cha karatasi ngumu. Usimruhusu ajifunike kwa vidole. Watoto wote wanachungulia kati ya vidole, na hawaibi, ni mwili unatafuta jicho linaloona. Asilibonyeze jicho pia, maana likifunguliwa litaona ukungu.

Geuza E mara tano bila utaratibu. Akipata nne ao tano, jicho hilo limepita. Akipata tatu kushuka chini, rudia siku nyingine asubuhi, na matokeo yakiwa yaleyale mpeleke. Kisha jicho la pili. Usimpime kwa macho mawili peke yake. Niliwahi kumpima msichana aliyepata zote tano kwa macho mawili, zote tano kwa jicho la kulia, na kwa la kushoto akauliza: "Karatasi iko wapi?" Nyumbani hakuna aliyekuwa anajua. Jicho zuri lilikuwa linabeba mzigo wote.

Akishindwa, jaribu kitu kimoja zaidi. Toboa karatasi ngumu kwa ncha ya sindano, tundu la kama milimita moja, atazame E kupitia hapo. Ikiwa sasa anaona vizuri zaidi, kuna matumaini makubwa kwamba miwani itamsaidia. Isipobadilika, bado nenda, ila usichelewe.

Kipimo hiki kina mipaka. Mtoto mwenye shida ya karibu mara nyingi atapita bila taabu, kwa kuwa macho ya watoto yana nguvu ya kujikaza. Kwa karibu, shika biki (kalamu) wima mbele ya macho yake, umbali wa mkono, uisogeze polepole kuelekea pua, umwambie aseme inapokuwa mbili. Tazama macho, usitazame biki. Kawaida yanaifuata mpaka imebaki kama upana wa vidole vitatu vya mtu mzima, sentimita sita hivi. Jicho moja likikimbia nje mbali zaidi ya hapo, tena na tena, liandike kwenye orodha yako.

Hatua ya 3: Siku ya daktari

Lubumbashi ni mji mkubwa, na pa kuanzia ni kuuliza huduma ya macho katika Kliniki za Chuo Kikuu ao Hospitali ya Jason Sendwe. Uliza kabla ya siku yenyewe: daktari wa macho anapokea siku gani, gharama ya kuonana naye ni kiasi gani kwa faranga, na matone ya kupanua mboni yamo ndani ya bei hiyo ao yanalipwa kando. Swali hilo la mwisho ndilo muhimu.

Sababu ni hii. Mtoto akitazama ndani ya mashine ya kupimia, macho yake yanajikaza bila yeye kujua, na mashine inasoma uongo. Leki (mdogo) wangu alimpeleka binti yake kwenye duka moja la miwani, wakampima dakika tatu kwa mashine, akatoka na miwani ya watu wasioona mbali. Kichwa kikazidi kumuuma. Alipofika kwa daktari na kutiwa matone, ikaonekana shida yake ni ya upande wa pili kabisa, alihitaji lenzi za kujumlisha. Miwani ya kwanza ilikuwa inamwongezea kazi.

Matone hayo, siklopentolati ao atropini, yanalegeza msuli unaojikaza. Yanachoma kidogo mwanzoni. Baadaye mboni zinakuwa kubwa, jua linamsumbua, na maandishi ya karibu yanafifia. Kwa siklopentolati hali hiyo huisha kwa kawaida ndani ya siku moja, kwa atropini inaweza kufika wiki moja ao mbili. Kwa hiyo beba kofia, usimpeleke siku ya kwanza kabla ya mtihani, na umjulishe mwalimu. Mkirudi kwa basi la saa saba mchana na jua letu hili, kofia hiyo utaishukuru.

Mkiwa ndani, toa orodha yako. Uliza maswali haya, hata kama foleni ni ndefu: Kila jicho peke yake linaona kiasi gani, na likiwa na miwani litaona kiasi gani? Macho yamenyooka, yanafanya kazi pamoja karibu na mbali? Umeangalia nyuma ya jicho? Avae miwani saa zote ao darasani tu? Turudi lini?

Karatasi utakayopewa itakuwa kwa Kifaransa. OD ni jicho la kulia, OG la kushoto. Alama ya kutoa mbele ya namba inamaanisha haoni mbali, ya kujumlisha inamaanisha macho yanajikaza kuona, zaidi kwa karibu. Ikiwa kuna namba ya pili na nyuzi, ni astigmatizimu, yaani kioo cha jicho hakikupinda sawa pande zote. Piga picha karatasi hiyo kwa simu kabla hujatoka getini. Zinapotea.

Hatua ya 4: Miwani

Kuna watu watakaokuambia miwani inaharibu macho ya mtoto, kwamba akizoea hataacha. Jibu fupi: hapana. Jibu refu kidogo: magharibi mwa Uchina, watafiti waligawa miwani ya bure kwa watoto wasioona mbali katika utafiti wa shule 252, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha alama za hesabu zimepanda kwa waliopewa. Hakuna aliyewafundisha hesabu zaidi. Waliona ubao.

Chagua lenzi za plastiki, kamwe si za kioo, kwa sababu mtoto atapigwa mpira usoni. Fremu ikae juu ya pua bila kuteleza anapoinama. Ikiteleza, atatazama juu ya lenzi na pesa yako imekwenda bure. Miwani iliyo tayari ya kusomea, ile inayotandazwa kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, ni ya wazee. Macho mawili ya mtoto yanaweza yasilingane. Mfundishe kuiosha kwa maji kabla ya kuipangusa. Vumbi letu la kiangazi lina mchanga ndani yake, na shati kavu linakwaruza lenzi kama msasa.

Siku za kwanza atasema sakafu inainuka. Mpe wiki mbili. Baada ya hapo, ikiwa bado anaivua, kosa huenda liko kwenye miwani, si kwa mtoto: irudishe ikapimwe.

Hatua ya 5: Kama kuna jicho vivu

Yule msichana wa "karatasi iko wapi" alikuwa na hili. Ubongo ulizoea kutumia jicho moja, la pili ukaliacha. Tiba inaanza na miwani peke yake kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi minne, kwa kuwa miwani tu inaweza kuliamsha kwa sehemu. Kisha daktari anaagiza kulifunika jicho zuri.

Wazazi wengi wanafikiri kufunika siku nzima kunaponya haraka. Majaribio ya Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kwa jicho lililofifia kwa wastani, saa 2 kwa siku zilifanya kazi sawa na saa 6, na kwa lililofifia sana, saa 6 zilitosha kama siku nzima. Saa mbili zinawezekana jioni, nyumbani, akiandika kazi ya masomo ao akichambua maharage, mbali na wenzake wa kumcheka. Kibandiko kikae juu ya ngozi, chini ya miwani. Kikibandikwa juu ya lenzi atachungulia pembeni. Wapo wanaopewa atropini kwenye jicho zuri badala ya kibandiko. Usijipangie mwenyewe, na usiache kurudi kupimwa, maana jicho zuri likifunikwa kupita kiasi linaweza kufifia nalo. Kabla ya miaka saba matokeo huwa mazuri zaidi. Baada ya hapo bado inafaa kujaribu.

Hatua ya 6: Mazoezi ya macho, yanayofanya kazi na yasiyofanya

Hapa ndipo biashara inapoingia, kwa hiyo soma polepole.

Ile shida ya biki, macho kushindwa kukutana kwa karibu, ina mazoezi yanayosaidia kweli. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliwachukua watoto 221 wa miaka 9 mpaka 17 kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kila wiki na mtaalamu na kuyaendeleza nyumbani, 73 kati ya kila 100 walipona ao walipata nafuu ya kutosha. Waliosogeza penseli tu nyumbani walikuwa 43, na waliopewa mazoezi ya uongo, yanayofanana na ya kweli lakini hayatibu, walikuwa 35. Kumbe penseli peke yake haizidi sana uongo. Ikiwa hakuna mtaalamu karibu nawe, penseli inaweza kujaribiwa kwa maelekezo ya daktari, haina gharama, lakini usiitarajie miujiza.

Watafiti walewale walirudi na swali ambalo sisi walimu ndilo tunalojali: je, macho yakishakutana vizuri, mtoto anasoma vizuri zaidi? Mwaka 2019, kwa watoto zaidi ya 300, jibu likawa: macho yalipona, lakini ufahamu wa kusoma haukuwazidi wale wa mazoezi ya uongo. Maumivu ya kichwa kupungua ni faida halisi, mtoto akae kwenye kitabu bila kuteseka. Lakini kusoma kwenyewe kunafundishwa kwa kufundishwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia ana mazoezi ya macho, ao miwani ya rangi, ya kutibu disleksia, weka pesa yako mfukoni. Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja mwaka 2009: disleksia ni shida ya ubongo kushughulikia sauti za lugha, si ya jicho kuona herufi, na tiba hizo hazina ushahidi. Mtoto anayechanganya b na d anaziona zote mbili vizuri.

Hatua ya 7: Macho ni mazima, bado hasomi

Anza na masikio. Simama nyuma yake hatua mbili, nong'ona maneno matano, ayarudie. Sikio linalotoa usaha kila mvua ikianza si jambo la kuzoea.

Kisha lugha. Programu inataka miaka miwili ya kwanza ya primeri ifundishwe kwa lugha ya hapa, huku ikiwa Kiswahili, lakini darasani mambo huenda kwingine, na mtoto anaweza kukutana na Kifaransa cha kusoma kabla hajakijua cha kuongea. Mpe mistari mitatu ya Kiswahili. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa: ba, be, bi, bo, bu. Kifaransa kina *eau*, herufi tatu, sauti moja, na hakuna hata moja kati yake inayofanana na sauti hiyo. Akisoma Kiswahili vizuri na kukwama kwenye Kifaransa, hana ugonjwa, ana lugha ngeni. Akikwama hata kwenye *ma-ma a-na-pi-ka bu-ka-ri*, hapo ndipo anahitaji mtu wa kukaa naye na silabi, sauti kwa sauti, dakika kumi na tano kila siku, kuanzia alipoachia, hata kama ni mwaka wa kwanza. Nimeona mtoto wa mwaka wa nne akirudishwa kwenye silabi na kuanza kusoma kabla ya Pasaka.

Hatua ya 8: Ongea na mwalimu

Tangu primeri ya bure ianze mwaka 2019, darasa linaweza kujaa mpaka mwalimu hamfikii wa nyuma. Usimlaumu, mpe maagizo mafupi kwenye karatasi: benchi ya mbele, mbali na mwanga wa dirisha unaoangaza ubaoni, mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni, amkumbushe mtoto miwani. Mtoto akiwa mwaka wa sita, peleka nakala ya karatasi ya daktari kwa mkurugenzi mapema, si wiki ya mtihani wa taifa.

Na ile tarehe ya kurudi kwa daktari, iandike kwenye jalada la ndani la biletini (ripoti ya alama) yake. Ni karatasi pekee ninayojua ambayo kila mzazi wa Katuba anaitafuta mwenyewe mwisho wa kila muhula.